Mji na barabara: nani alimfuata mwenzake?

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilitoka nyumbani kwangu Mbagala saa kumi na moja alfajiri, nikaishika Barabara ya Kilwa kuelekea kusini. Haikuwa safari kubwa, kilometa 140 na kitu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Ndani ya buti la gari nilikuwa na mfuko wa sukari, miche ya sabuni, na futi kamba ya mita 50 niliyoazima kwa jirani yangu fundi ujenzi. Ile futi kamba ndiyo iliyonipeleka.

Mama yangu mdogo anaishi katika kijiji kimoja kaskazini kidogo ya Ikwiriri, kando ya barabara hiyo hiyo. Ana nyumba ya vyumba vitatu, na mbele yake kibanda cha makuti anachouzia maembe, korosho na chai. Wiki tatu zilizopita alinipigia simu akaniambia kuwa wamekuja watu wenye kopo mbili za rangi. Wameandika alama ya X nyekundu kwenye nguzo ya kibanda, na X ya kijani kwenye ukuta wa nyumba, kisha wakaendelea na safari yao. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, X na X zina tofauti gani?" Nikamwambia nitakuja, nitamweleza tukiwa mbele ya hizo alama zenyewe.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya barabara hii na watu waliojipanga kandokando yake, maana jambo lile la rangi mbili haliwezi kueleweka kabla ya kujua jinsi miji hii ilivyofika hapo ilipo.

Kwanza nitaje kitu kimoja ambacho mgeni hukishangaa. Barabara ya Kilwa ni barabara ya pwani, lakini ukitoka Mbagala hadi Ikwiriri huioni bahari hata mara moja. Maji ya chumvi unayaacha Mtoni, pale mkono wa bahari unapoingia nchi kavu, na baada ya hapo ni mikorosho, minazi na mihogo tu mpaka bonde la Rufiji. Sababu ni kwamba pwani hii ya kale haikuhitaji barabara. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alifika kwa chombo cha baharini, na watu wa Kilwa, Mafia na Bagamoyo kwa mamia ya miaka walitazama baharini, huko ndiko mgeni na mali vilikotokea. Miji ya zamani imeipa bahari uso. Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri zimeipa barabara uso. Na hiyo Kilwa yenyewe iliyoipa barabara jina, njia kuu haifiki kwake. Inabidi mtu aiache Nangurukuru, akunje kushoto kwenda Kilwa Masoko, na kutoka hapo apande mashua kwenda Kisiwani.

Tuanze na Mbagala kwa kuwa ndiko nilikotoka. Wazee wa Temeke wanaikumbuka Mbagala ya mashamba, na hata leo ukitazama katikati ya mapaa ya bati utaona minazi mirefu imesimama peke yake, haina shamba tena. Tuna kituo kinaitwa Kizuiani, na jina linajieleza: mahali pa kizuizi, mahali ambapo gari lilitakiwa kusimama. Lishike neno hilo, kusimama, kwa sababu ndilo ufunguo wa barabara nzima. Mji mdogo wa barabarani hauanzi kwa sababu ya ardhi nzuri wala maji matamu. Unaanza pale gari linapolazimika kusimama. Gari likisimama, abiria anashuka kujinyoosha, na wengine wanaingia porini kuchimba dawa, kama tunavyosema kwa heshima. Abiria aliyeshuka ana njaa. Wa kwanza atakuja na birika la chai, wa pili na mihogo ya kukaanga, wa tatu atajenga chumba cha kulala wageni. Baada ya miaka kumi utaambiwa hapo ni mji.

Kongowe ni njia panda, magari ya Kigamboni yanachepukia hapo, na ndiyo maana soko lake halilali. Vikindu ina msitu wa hifadhi na zamani ilikuwa mwisho wa mjini, dereva akifika hapo alijua ameiacha Dar es Salaam. Siku hizi sioni mwisho. Kutoka Vikindu kupita Kisemvule hadi Mkuranga ni viwanda, maghala, na vibao vya viwanja vinavyouzwa, na mikorosho mikubwa inakatwa kila mwaka kupisha misingi ya nyumba. Mtu wa mjini ananunua ekari ya shamba na mwenye shamba anarudi nyuma, mbali na lami. Baadaye mwenye shamba huyo huyo anarudi barabarani kutafuta riziki, safari hii akiwa na beseni kichwani. Sisemi kwamba kuuza ni kosa, kwani hata mimi kiwanja changu cha Mbagala nilikinunua kwa mzee aliyekuwa na minazi.

Baada ya Mkuranga ndipo shamba linapoanza kweli. Novemba ni mwezi mzuri wa kupita huku. Maembe dodo yameanza kuiva, mananasi yamepangwa kama askari wa gwaride, na korosho ziko katika kilele cha mavuno. Ukisimama Kimanzichana ukatazama mashamba utaelewa kazi iliyotangulia. Mkorosho unapotoa maua katikati ya mwaka hushambuliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, na mkulima asipopulizia salfa kwa wakati atavuna majani. Kwa hiyo korosho inadaiwa kabla haijazaliwa, na mwenye deni huuza upesi. Ndiyo asili ya kangomba, mnunuzi anayekuja na kipimo chake cha bakuli au kopo na fedha mkononi, anapima kijijini kwa bei ya chini kabla mzigo haujafika kwenye chama cha ushirika. Kangomba imekatazwa, lakini deni lina miguu mirefu kuliko katazo.

Nikarudi kwenye usukani. Kabla ya Bungu nilipunguza mwendo mara nne kwa sababu ya matuta, na kila tuta lilikuwa na wauzaji wake. Hapo ndipo nilipojisemea kwamba tuta ndilo kivuko cha siku hizi. Nitaeleza.

Kabla ya mwaka 2003 barabara hii ilikatwa na Mto Rufiji. Gari lolote lililotaka kwenda Lindi au Mtwara lilifika Ndundu likangoja kivuko, na kivuko hubeba magari machache kwa zamu moja. Foleni ilikuwa ya saa, wakati mwingine ya siku, na masika barabara yenyewe ilifungwa kwa tope kiasi kwamba watu wa Kusini walikata tikiti ya meli. Mama yangu mdogo wakati huo alikuwa akiuza chai na wali Ndundu. Alikuwa akitandika mkeka, anapika usiku kucha, na madereva wa malori walimjua kwa jina. Agosti 2003 likafunguliwa daraja, urefu wake mita 970, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa mtu wa Masasi na aliijua adha ya njia ile. Nchi ilishangilia, na mimi nilishangilia. Kwa safari ya mgonjwa, kwa bei ya saruji Lindi, kwa mwanafunzi anayerudi shule, daraja lile lilikuwa ukombozi. Hata hivyo lami haikukamilika siku ile. Kipande cha kilometa 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwanasa watu kwenye tope kwa zaidi ya miaka kumi baada ya daraja.

Lakini siku daraja lilipofunguliwa, foleni ya Ndundu ilikufa, na wali wa mama mdogo ukachacha. Hakumlaumu mtu. Aliliacha banda lake la Ndundu, akarudi kijijini kwao kaskazini ya Ikwiriri, akaangalia mahali gari linapopunguza mwendo, na huko akajenga kile kibanda cha makuti. Wengi walifanya hivyo. Ule msongamano wa kivukoni ulisambaa kwenye matuta na vibao vya mwendo wa kilometa 50. Sheria inataka dereva apunguze mwendo apitapo kwenye makazi ya watu, na askari mwenye tochi yuko chini ya mwembe kuhakikisha. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa shilingi 30,000 kwa ajili ya tochi ya chini ya mwembe, kwa hiyo nazungumza kwa uzoefu. Faini ile inamuuma dereva, lakini kwa mwenye beseni la maembe gari la mwendo wa 50 ni gari linaloweza kuitwa likasimama. Yule apitaye kwa kasi ya 100 humwachia vumbi tu.

Hali hiyo ina hatari zake pia. Mtoto anayekimbilia dirisha la basi hatazami nyuma. Na biashara ya kusimamisha magari huyumba kwa jambo dogo. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyotokea Kibiti na jirani zake, bodaboda zilipigwa marufuku kutembea usiku katika wilaya hizi, na hata msafiri mwenye kiu alikaza mwendo mpaka avuke. Na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, malori yaliyokuwa na mzigo wa Kusini hayakupita kabisa. Kibanda cha mama mdogo hakikuguswa na tone, lakini hakikuuza.

Nilifika saa tatu na nusu asubuhi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za wajukuu, akanikalisha, akanipa chai. Hakutaja X mpaka nilipomaliza kikombe. Watu wa Rufiji hawaanzi na shida.

Kisha tukatoka. Kijana wake alisimama katikati ya barabara akiangalia magari, ameshika ncha ya futi kamba pale kwenye mstari wa kati, na mimi nikavuta. Nguzo ya kibanda: mita 19. Ukuta wa nyumba: mita 26.

Hapo ndipo nilipoweza kumjibu. Kila barabara kuu ina eneo lake pande zote mbili, linaloitwa hifadhi ya barabara. Si lami tu. Ndani yake mna mitaro, njia ya waenda kwa miguu, mahali pa gari lililoharibika, na akiba ya siku ambayo barabara itahitaji kupanuliwa. Kwa miaka mingi hifadhi hiyo ilikuwa mita 22 na nusu kutoka katikati kwenda kila upande. Ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na chini yake hifadhi ikaongezwa ikawa mita 30 kila upande, yaani mita 60 kwa jumla. Mita saba na nusu zilizoongezwa ndizo zilizozaa rangi ya pili. Aliyejenga ndani ya zile mita 22 na nusu za zamani anahesabiwa kuwa aliifuata barabara, alijua au alipaswa kujua, na X yake ni nyekundu: aondoke, hakuna malipo. Aliyekuwa kihalali kati ya mita 22 na nusu na mita 30 kabla ya sheria mpya anahesabiwa kuwa barabara ndiyo iliyomfuata yeye, na X yake ni ya kijani: atafidiwa siku eneo litakapohitajika.

Kwa hiyo kibanda chenye mita 19 ni chekundu. Nyumba yenye mita 26 ni ya kijani. Na jambo hili si la mzaha. Wasikilizaji wa Kimara wanakumbuka mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo hifadhi ilihesabiwa mita 121 kwa upande mmoja kwa mujibu wa sheria za tangu enzi za mkoloni.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimekuwa nikiyafikiri tangu siku ile. "Mimi sikuifuata barabara. Mimi nililetwa."

Na ni kweli aliletwa. Alizaliwa bondeni. Watu wa Rufiji waliishi ndani ya bonde lenyewe, kwa sababu mto ulipofurika uliacha tope jeusi lenye rutuba, wakalima mpunga wakati wa mvua, na maji yakipungua wakapanda mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlau. Mafuriko ya mwaka 1968 yalikuwa makubwa, na baada yake serikali iliwahamisha wakulima kutoka bondeni kwenda nyanda za juu upande wa kaskazini, katika vijiji vya ujamaa. Alikuwa mtoto mdogo. Anakumbuka baba yake akipewa kiwanja na kuonyeshwa mstari wa kujenga, nyumba zote zitazame barabara, ili gari la dawa na la mbegu lifike, ili shule iwe karibu, ili kila mtu aonekane. Hapo katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, mpango huo huo ulienea nchi nzima. Kwa hiyo kuna vijiji vingi Tanzania ambavyo vimepangwa kandokando ya barabara kama shanga kwenye uzi, na aliyezitunga shanga zile hakuwa mwanakijiji.

Shamba halikuhama. Mpaka leo msimu wa mpunga watu wa huku wanashuka bondeni na kuhamia kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Nyumba iko barabarani, chakula kiko mtoni, na mtu yuko njiani kati ya hivyo viwili maisha yake yote. Aprili 2024 mto ulipojaa tena na kufunika mashamba ya Rufiji, wale waliokuwa na nyumba juu walisema afadhali tulihamishwa. Mama mdogo naye alisema hivyo. Hana ugomvi na kuhamishwa kule kwa kwanza.

Nilimweleza kwamba historia hiyo ina thamani mbele ya sheria, lakini kwa sharti moja: ithibitishwe. Nikamuuliza ana karatasi gani. Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya plastiki. Mlikuwa na risiti za ushirika za korosho, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana watoto, na kipande cha daftari cha mwaka 1989 kilichoandikwa kwa mkono kwamba marehemu babu amemwachia binti yake nyumba na kiwanja, mashahidi wawili, sahihi ya mwenyekiti wa kijiji na muhuri uliofifia. Hiyo karatasi, msikilizaji, ni dhahabu. Inaonyesha kuwa alikuwepo miaka 18 kabla ya sheria ya 2007. Nikaipiga picha kwa simu, nikamshauri apeleke nakala serikali ya kijiji, iingizwe kwenye kumbukumbu, na aombe hati ya haki miliki ya kimila ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki ya kuiomba. Pia asiongeze chumba wala varanda kwa mbele, maana kitakachojengwa baada ya X hakitaingia kwenye hesabu ya fidia. Na aandike tarehe zile alama zilipowekwa, ajue na nani alikuwepo.

Nikamwambia na lile ambalo sikutaka kulisema. Kibanda hakina utetezi. Kilijengwa baada ya daraja, ndani ya mita za zamani, na hata kama kijiji kililetwa, kibanda kilikwenda chenyewe. Nilidhani atahuzunika. Akacheka. "Kibanda ni makuti na nguzo sita. Nakirudisha nyuma mita nne, nakiegemeza kwenye nyumba." Nikahesabu haraka: mita 19 na nne ni 23. Ingekuwa ndani ya eneo la kijani, lakini ni kitu kipya, na hakilipwi. "Sitaki kilipwe," akasema. "Nataka gari likione."

Hapo nilikosa neno, kwa sababu yeye anajua hesabu moja ambayo sheria haina. Kila mita unayorudi nyuma, dereva anachelewa kukuona. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mwenye kibanda karibu na tuta ana sekunde tatu au nne za kuonyesha embe lake. Akirudi nyuma ya mwembe, hana hata moja. Kwa hiyo mnapowaona wauzaji wetu wameng'ang'ania ukingo wa lami, msifikiri ni ukaidi tu. Ile mita 19 ilipimwa vizuri sana, isipokuwa haikupimwa kwa futi kamba.

Tulikubaliana hivi. Kibanda kirudi mpaka mita 24, mwembe ulio mbele upunguzwe matawi ya chini, na beseni la maembe likae juu ya kigoda kirefu, lionekane. Kijana wake alianza kuchimbua nguzo ya kwanza mchana ule ule. Mimi nilitembea kidogo nyuma ya nyumba, mpaka kwenye vibao vya onyo vya bomba la gesi. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikipita mkoa huu kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na bomba la pili, la kutoka Mtwara, lilikamilika mwaka 2015. Niliporudi nilimkuta mama mdogo anapepea jiko la mkaa.

Niliondoka saa tisa. Buti lilikuwa na maembe, korosho za kubangua na mkeka wa ukindu ambao sikuuomba. Kibiti nilipita bila kusimama, Bungu nikasimama kwa ajili ya madafu, na saa kumi na mbili jioni nilikuwa kwenye foleni ya Kongowe. Futi kamba nimemrudishia fundi Jumapili asubuhi. Mama mdogo amepiga simu juzi: ofisi ya kijiji imepokea nakala na imempa namba ya jalada, na mwenyekiti amemwomba mimi nirudi na ile futi, kwa sababu nyumba kumi na moja nyingine zina X na hakuna aliyewahi kuzipima.